MREJESHO: Mlimani au UDOM, nimeshathibitisha

Wakuu, habari za siku. Ni yule niliyeuliza niende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM, yaani Mlimani) kusoma sosholojia au Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kusoma takwimu, kote nimechaguliwa.

Nimeenda na UDOM. Meseji ya TCU, tume ya vyuo vikuu, yenye namba ya kuthibitisha iliingia usiku, nikaijaza kwenye akaunti ya maombi, kwisha habari. Mzee kanuna kidogo. Kwake chuo ni Mlimani, hicho kilichoanzishwa 2007 ni cha juzi tu! Ila mliosema nilinganishe kozi na siyo majina, asanteni sana. Takwimu naitaka tangu kidato cha tano. Halafu Dodoma hosteli za ndani ni nyingi, chumba cha kupanga Sinza, Dar, ningekilipa na nini?

Sasa nasubiri HESLB, bodi ya mikopo. Mkopo ukitoka nitawajuza.