Re: Nimekosa vyuo vyote vya meno. Nitume tena mwezi huu au nisubiri?

Kutoka: Kirumba, Mwanza
Agosti 12

Mwangaluka wakubwa zangu,

Naandika kutoka kwa mama mkubwa, jirani na Mwaloni. Baadhi yenu mnamfahamu mama yangu, yuko Columbus, Ohio. Mwaka jana nilimaliza shahada ya Biolojia huko Marekani, nikaomba vyuo tisa vya udaktari wa meno. Vinane vilinikataa. Kimoja kiliniita kwenye usaili, kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, na mwezi wa saba wakaniandikia kwamba nafasi zimejaa.

Nimekuja huku kumuuguza bibi na, niseme ukweli, kukwepa maswali. Nimeyakuta yananisubiri stendi. Kila nikishuka kununua dagaa nasikia "daktari karudi", nakosa pa kuweka uso.

Mama anasema nisipoteze mwaka. Dirisha la AADSAS, mfumo wa kutumia maombi ya vyuo vya meno Marekani, liko wazi tangu mwezi wa sita, taarifa zangu zipo, nirekebishe kidogo nitume. Alama zangu za DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya meno, ni za wastani, sehemu ya PAT, ile ya kutambua maumbo, ndiyo iliyonivuta chini. Mliopita njia hii nisaidieni: nitume sasa au nisubiri?

Wabeja sana.


Kutoka: St. Paul, Minnesota
Agosti 13

Mdogo wangu, pole. Pole ya bibi, na pole ya hizo barua.

Usitume. Najua mama atanikasirikia, nipe namba yake nitampigia mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Igogo. Huu ni mwaka wangu wa sita naziba meno ya watu hapa Minnesota, lakini mara ya kwanza nilikosa vyuo kumi na kimoja. Nikafanya hilohilo analokuambia mama: nikabadilisha sentensi mbili tatu, nikatuma faili lilelile, nikakosa vyote tena. Mwaka niliotaka kuuokoa ukapotea pamoja na ada, na fomu inakuuliza kama umewahi kuomba, kwa hiyo mara ya tatu nilikuwa na maelezo marefu zaidi ya kutoa.

Vyuo vingi vinasoma mafaili kadiri yanavyoingia. Faili lililotumwa wiki ya kwanza ya Juni linasomwa nafasi za usaili zikiwa bado nyingi. La kwako litasubiri wiki kadhaa AADSAS wahakiki transkripti, lifike chuoni vuli imeanza, na Desemba ofa zinatolewa. Litafika limechelewa na PAT ileile. DAT yenyewe huwezi kuirudia Mwanza wala Dar. Vituo viko Marekani na maeneo yake, na Kanada. Na usiende kujaribu bahati: baada ya majaribio matatu unaanza kuomba ruhusa maalumu.

PAT inafundishika, nakuambia kwa uzoefu wangu. Ni maswali 90 kwa dakika 60: kuhesabu vijibox, kulinganisha pembe, karatasi iliyokunjwa ikatobolewa, umbo bapa likikunjwa linakuwa boksi gani. Mimi nilikwama kwenye hilo la mwisho mpaka nilipoanza kuchukua maboksi ya viatu, nayafungua, nayachora, nayakunja tena. Miezi miwili ya hivyo kila jioni, jicho likafunguka. Maboksi hayo hapo Makoroboi yamejaa.

Sasa jambo zito. Vipigie simu au viandikie vyuo vyote tisa, uulize kwa adabu faili lako lilipungukiwa nini. Baadhi hawatajibu. Wengine watakupa dakika kumi na tano, na hizo dakika zina thamani kuliko kozi yoyote ya kulipia. Mama mmoja wa ofisi ya udahili aliniambia, "Barua zako zinasifu mwanafunzi yeyote." Nililia. Halafu nikatafakari nikaona ni kweli: niliwaomba maprofesa walionifundisha nikiwa mmoja kati ya mia tatu. Uzuri ni kwamba barua hazihamii mwaka mpya, lazima uziombe upya, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua watu waliokuona ukifanya kazi. Mwisho ni nne.

Na insha. Yangu ya kwanza ilikuwa herufi 4,500 za "napenda kusaidia watu". Niliposoma tena sikujikuta mle ndani. Ya mwisho niliandika juu ya mdogo wangu wa kiume. Akiwa na miezi mitano alipata homa na kuharisha, bibi yetu kule Magu akasema ni meno ya plastiki, akaitwa mtu akamkata fizi kuyatoa. Mnajua wenyewe, hayo "meno ya plastiki" ni chonge za utoto ambazo hazijachomoza. Chonge zake za ukubwani zimeota vibaya mpaka leo, na nilimshika mikono mimi wakati anakatwa. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa miaka miwili ya kuomba vyuo sikuwahi kufikiria kuandika hilo, kwa sababu nilidhani wanataka kusikia habari za Marekani.

Uko Mwanza. Tafuta kliniki ya meno, omba kukaa pembeni uangalie. Andika tarehe, saa, na ulichokiona kila siku.


Kutoka: Leicester, Uingereza
Agosti 15

Wanangu, shikamooni mnazopaswa kunipa nimezipokea.

Mimi si mtu wa meno. Nauliza tu kama mjomba: kwa nini huyu binti asisome Muhimbili akamaliza? Shahada ya udaktari wa meno (DDS) pale ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ada haifanani na ya Marekani hata kidogo, na nchi ina upungufu. Pili, mpwa wangu, kama una grini kadi, ile ya ukaazi wa Marekani, usijisahau huko ziwani. Ukikaa nje mwaka mzima bila kibali cha kurudi kadi inaingia mashakani, na hata kuvuka miezi sita kunaweza kuvuruga hesabu za uraia.

Bibi tunamwombea.


Kutoka: St. Paul, Minnesota
Agosti 15

Shikamoo mjomba. Swali lako ni la haki.

Kama anataka kufanya kazi nyumbani, Muhimbili ni njia nzuri na nitamsukuma nayo. Kama maisha yake yatakuwa Ohio alipo mama, ajue kwamba mwenye shahada ya nje kwa kawaida hupita tena chuoni Marekani, miaka miwili au mitatu, akiomba kupitia CAAPID, mfumo wa maombi wa madaktari wa meno waliosoma nje, pamoja na INBDE, mtihani wa kitaifa wa leseni ya meno. Ushindani wa nafasi hizo ni mkali na ada ni ya Marekani vilevile. Hilo aliamue yeye, si sisi.

Mdogo wangu, nimesahau kukuonya. Huko nyumbani daktari akikuzoea anaweza kukupa koleo akakuambia ng'oa. Kataa. Usichome ganzi, using'oe, usizibe. ADEA, chama cha elimu ya meno cha Marekani, wana mwongozo kabisa juu ya wanafunzi wanaogusa wagonjwa nje ya nchi kabla hawajasoma, na vyuo vinaujua. Ukiandika kwa fahari kwamba uling'oa jino Mwanza, umejifungia mlango mwenyewe. Na huyo mgonjwa ni mtu, hakuja kuwa somo lako.


Kutoka: Kirumba, Mwanza
Oktoba 3

Shikamooni wote. Samahani kwa ukimya. Bibi anakaa mwenyewe sasa na anaulizia sato wa kuchemsha, tunamshukuru Mungu.

Dada, uliongea na mama saa nzima na sijui ulimwambia nini, lakini amekubali nitume Juni.

Vyuo vinne vimenijibu. Vitatu vimesema jambo moja: nilituma mwishoni mwa Septemba. Cha nne wamesema saa zangu za kuangalia madaktari ni thelathini, zote katika kliniki moja, wakati waombaji wao wengi wanafika mia.

Nimepata daktari wa meno anayenivumilia siku nne kwa wiki. Koleo nililetewa wiki ya pili, kama ulivyosema. Nilikataa, akacheka, baadaye akaniambia amefurahi. Kazi yangu ni kushika taa na kuwaandikisha wagonjwa kwenye daftari.

Nataka kuwaambia juu ya mgonjwa mmoja. Kijana wa umri wangu, ametoka upande wa Shinyanga, anaongea ameweka mkono mdomoni. Meno ya mbele yana mabaka ya kahawia, mengine yamemeguka. Daktari hakumuuliza habari za mswaki. Alimuuliza, "Mlikunywa maji ya kisima gani utotoni?" Chuoni nilifundishwa madini ya floraidi kama rafiki wa jino; Ohio wanaitia kwenye maji ya bomba, na kiwango kinachoshauriwa Marekani ni miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa 1.5, na huku kuna visima vinavyopita hapo vyenyewe bila mtu kutia kitu; ikizidi utotoni ndiyo inayoacha mabaka kama yale. Sisi wa Kirumba tuliokunywa maji ya ziwa tumepona bila kujua kwamba kulikuwa na cha kuponea. Yule kijana amekuwa akidhani miaka yote kwamba ni uchafu wake. Daktari alipomweleza alishusha mkono.

Nimeandika kurasa tatu usiku ule, kwa Kiswahili. Nitazifupisha kwa Kiingereza baadaye.

Kuhusu Muhimbili, mjomba, nimelala nalo siku nyingi. Nitajaribu Ohio na majimbo jirani mara hii moja, kwa sababu mama yuko peke yake kule. Nikikosa Juni ijayo naomba Muhimbili, na nimeshaulizia cheti changu cha shule kitalinganishwa vipi.

Narudi Columbus katikati ya Januari, miezi sita haijatimia. DAT nataka kuifanya mwezi wa tatu, ikienda vibaya nibaki na siku 60 zinazotakiwa kabla ya kurudia. Mabox ya viatu yamejaa chini ya kitanda, mama mkubwa ameanza kuuliza.

Naomba mawili. Mwenye vitabu vya PAT Ohio asiyevihitaji aniandikie. Na kama kuna yeyote hapa anayemjua daktari wa meno Columbus au Dayton atakayekubali nikae pembeni Februari hadi Mei, kliniki tofauti na ile ya kwanza, nitakuja hata siku za theluji.