Karameli ya vipande inakuwa ngumu kama jiwe, nakosea wapi?

Binti Uyole
Habari zenu wadau. Ndiyo kwanza najifunza kuoka, na vinavyonishinda ni vile vipande vya tabaka tatu: biskuti chini, karameli katikati, chokoleti juu. Vipimo vya karameli ni sukari gramu 200, siagi gramu 90, krimu mililita 120 na chumvi nusu kijiko cha chai. Nayeyusha sukari kavu, natia siagi, kisha krimu, halafu nachemsha mpaka kipimajoto kisome 118 kama maelezo yanavyotaka. Ikipoa haing'atiki. Mara ya pili nilikoroga muda wote, ikatoka na chengachenga za sukari. Biskuti nayo inaiva juu, chini inabaki mbichi. Karameli napikia gesi, kuoka natumia mkaa. Niko Mbeya. Kipimajoto ni kibovu, au kuna hatua naruka?

Tanuri
Dada, kipimajoto huenda ni kizima kabisa. Kinachokuponza ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ile 118 kwenye maelezo ni njia ya kujua maji kiasi gani yamebaki ndani ya karameli. Pwani, ikifika 118 bado ina maji ya kuifanya ilainike mdomoni. Huku kwetu, mpaka ifike 118 maji mengi zaidi yameshatoka kwa mvuke, kwa hiyo uliyopika ni sawa na 124 ya Dar es Salaam. Hiyo ni pipi ya kumung'unya.

Kabla ya kuanza, chemsha maji matupu, zamisha ncha ya kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria, usome. Kikisema 94, punguza 6 kwenye kipimo cha mwisho: epua kwenye 112. Kikisema 92, punguza 8. Njia hii inasahihisha mwinuko na kasoro ya kipimajoto kwa mpigo mmoja, iwe uko Iringa au Njombe.

Ila usipunguze chochote pale mwanzo unapoyeyusha sukari kavu. Pale hakuna maji ya kuchemka, sukari inageuka rangi karibu na nyuzi 170 hata ukiwa ufukweni. Tumia macho: ikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tia siagi haraka. Ikianza kutoa moshi imeshaungua, na uchungu wake hauondolewi na krimu. Krimu yenyewe iwe ya moto kiasi. Ukiitia baridi, karameli inafura, inakurukia mkononi, na sukari inaganda mabonge.

Mama Shira
Mwanangu, Tanuri kasema kweli, lakini jifunze pia kupima kwa maji, maana betri huisha katikati ya kazi. Weka bakuli la maji baridi pembeni. Dondosha nusu kijiko cha karameli ndani, hesabu mpaka tano, ikusanye kwa vidole. Ikitawanyika, bado. Ikifanya kidonge kinachokaa umbo lake na ukikibonyeza kinabonyea bila kupasuka, epua hapo hapo. Kidonge kikigonga bakuli *ko*, umepitiliza. Wakati unapima, sufuria iwe nje ya moto, kwa sababu nusu dakika inatosha kuiharibu.

Chengachenga ni jambo lile lile linaloharibu shira ya kalimati. Punje moja ya sukari iliyonata ukingoni ikianguka ndani, zingine zote zinaifuata. Sukari ikiwa inayeyuka usiikoroge kwa mwiko, izungushe kwa kutikisa sufuria. Kingo zipanguse kwa brashi yenye maji. Na ongeza kijiko kimoja cha chakula cha asali pamoja na krimu, sukari yake inazuia punje zisishikane.

Mkaa Juu
Kuhusu biskuti: unga gramu 225, siagi gramu 150, sukari gramu 75, kwa treya ya sentimita 20 kwa 20. Tumia siagi ngumu. Majarini laini ya kupaka ina maji mengi, biskuti inatoka na unyevunyevu. Shindilia kwa kitako cha glasi, toboa kwa uma kila sentimita mbili, oka dakika 25 hadi 30 mpaka ing'ae rangi ya maandazi hadi katikati, siyo kingo tu.

Chini kubaki mbichi maana yake umepalia makaa mengi juu na treya imekaa kwenye mchanga ambao haujapata moto. Pasha sufuria yenye mchanga dakika 15 ikiwa imefunikwa, ndipo uingize treya. Makaa theluthi mbili juu, theluthi moja chini, na chini yasiwe yanawaka kwa moto.

Binti Uyole
Asanteni sana, shikamoo Mama Shira. Nimechemsha maji, kipimajoto kimesoma 94. Ile ngumu niitupe? Na nikichemsha kopo la maziwa mazito ya sukari bila kulifungua, si nitapata karameli?

Mama Shira
Marahaba. Usiitupe. Kama bado haijagusa chokoleti, ikatekate, irudishe sufuriani na vijiko vitatu vya krimu, moto mdogo kabisa, mpaka iyeyuke yote, kisha pima upya kwa maji.

Kopo usichemshe. Maji yakikauka bila wewe kujua, linapasuka na uji wa moto kama ule unaunguza hadi nyama. Mimina maziwa kwenye sufuria nzito, gramu 397 kwa siagi gramu 100 na sukari ya kahawia gramu 100, koroga moto mdogo dakika 10 bila kuacha kitako. Hii unaikoroga bila wasiwasi, ni ile ya sukari kavu tu isiyotaka mwiko.

Tanuri
Na baridi hii ya Juni, usikate vikiwa vimetoka nje asubuhi, chokoleti itapasuka vipande. Viache jikoni nusu saa, chovya kisu kwenye maji ya moto, kikaushe, kata kwa kubonyeza bila kukeketa.