Tupeane uzoefu: bibi na babu mnaoumwa, wajukuu wakija mnafanyaje?

BibiMarangu

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 67, mwalimu mstaafu, niko Marangu. Kila Desemba wanangu wanapanda kutoka Dar na Arusha na wajukuu tisa. Nyumba iliyokuwa kimya miezi kumi na moja inajaa viatu mlangoni. Mwaka mzima nausubiri mwezi huo; kuna mbuzi nawafugia wao, na mikungu ya ndizi mshare siikati mpaka wafike.

Presha ninayo tangu sijastaafu. Mwezi wa tisa miguu ilianza kuvimba, na usiku nikilala chali pumzi inakata, mpaka niegemee mito mitatu. Nikapimwa, daktari akasema moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Nimepewa dawa, mojawapo ni ya kutoa maji mwilini. Nikiimeza asubuhi sitoki chooni mpaka saa tano, kwa hiyo Jumapili naimeza nikirudi misa. Chumvi nimekatazwa.

Sijamwambia mtu. Binti yangu mkubwa namjua. Akisikia atanikalisha kwenye kiti kama mgeni: sikati majani ya ng'ombe, sipiki mtori wa ndizi, na watoto watafukuzwa chumbani kwangu, "bibi anapumzika." Kupumzika napumzika mwaka mzima! Wenzangu, ninyi mliwaambia? Kabla ya sikukuu, au mliacha ipite kwanza?

BabuJangombe

Assalamu alaykum. Dada yangu, mie nilificha, na sikupata faida yoyote. Nna miaka 73, mtu wa Unguja, sukari mwaka wa kumi na tano huu, sindano ya insulini asubuhi na jioni. Daktari alinikataza kufunga Ramadhani. Nikaona haya. Wajukuu wa miaka tisa wanafunga, mie babu mzima nile mchana? Nikafunga. Spitali hawajui kama nnafunga, na nyumbani hawajui kama nimekatazwa.

Siku ya kumi na tisa, baada ya laasiri, nimekaa barazani nnamsikiliza mjukuu wangu anasoma Juzuu Amma. Jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, sauti ya mtoto nikawa naisikia kwa mbali kama yuko nyumba ya pili. Yeye ndiye aliyekimbia ndani kumwita bibi yake. Nikanyweshwa maji ya sukari. Nilipotanabahi nikamuona mtoto kajikunyata nyuma ya mlango analia. Alidhani babu kaanguka kwa sababu yeye kakosea kusoma. Wallahi, lile silisahau.

Tangu mwaka ule sifungi. Natoa fidya, kila siku chakula cha maskini mmoja, na kazi ya kupeleka nimewapa wajukuu. Ikikaribia magharibi wawili wanabeba sahani, muhogo wa nazi na samaki, tambi siku nyengine, kumpelekea bibi mmoja mjane mtaa wa nyuma. Wanagombania zamu. Wote wanajua kwa nini babu hafungi na hakuna aliyenivunjia heshima. Ikija Idi, pensheni jamii yangu naivunja noti ndogo ndogo, wanapanga foleni kupokea mkono wa Idi, kisha haooo, Kariakoo kwenye mabembea. Kariakoo ya kwetu Unguja, si ile ya Dar.

MuuguziDodoma

Babu, shikamoo, na ulinusurika. Kwa wote wenye mgonjwa wa sukari nyumbani: ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mtoto wa miaka minane anaweza kufundishwa haya akayashika.

Bibi wa Marangu, dawa ya maji kuichelewesha saa chache kwa kawaida haina shida, kuiacha ndiyo hatari. Ila daktari wako aujue utaratibu wako wa Jumapili. Na jipime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji yanarudi. Usingoje tarehe ya kliniki, nenda.

MtangaMuscat

Mimi niko Muscat, mwaka wa nane. Mama yuko Tanga. Tukiongea kwa video alikuwa anaonyesha uso tu, kanga imepita kidevuni, wanangu wanamwimbia, anapiga makofi. Kumbe ana kidonda cha kisukari mguuni, miezi mitatu. Alisema hakutaka kuwaharibia watoto furaha. Sisi tulijua siku mguu ulipokatwa.

Siku hizi nikimaliza kumwamkia namwambia, "Mama, nionyeshe unyayo." Anacheka, anauelekezea simu mguu uliobaki, na wanangu wanaviangalia vidole kimoja kimoja.

Mwambie binti yako, bibi. Leo.

MjukuuNyeri

Mimi ni mjukuu, naomba niongee kwa niaba yetu. Cucu, yaani bibi yangu, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakuna aliyejua. Nyumba ameishi miaka mingi, kila kitu anajua kilipo. Niligundua siku moja akinimiminia chai: alitia kidole ndani ya kikombe ili ajue imejaa. Chai ya moto. Nikamuuliza. Akanishika mkono, "Nyamaza, mama yako atauza ng'ombe."

Sikunyamaza. Upasuaji wenyewe haukufika saa moja, na kesho yake bandeji ikatolewa. Mapacha wa dada yangu walikuwa na miaka mitatu, na siku zote alikuwa akiwatofautisha kwa sauti na kwa kuwapapasa vichwa. Aliwatazama muda mrefu sana, kisha akasema huyu amechukua pua ya marehemu guka, yaani babu yetu.

BibiMarangu

Nimerudi, leo ni Januari 3. Ule mguu wa Tanga ulininyima usingizi. Nilimpigia binti yangu saa nne usiku nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Mama, dawa unameza saa ngapi?"

Siku ya kwanza walipofika tuligombana, sitaficha. Alininyang'anya panga la kukatia majani mbele ya watoto na nililia kwa hasira. Jioni tukapatana: majani wakate vijana, mtori napika mimi, na chumvi kila mtu aweke kwenye sahani yake. Nikakaa kwenye kigoda, wajukuu wakanizunguka, nikawafundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usigande. Miaka yote nilikuwa namenya peke yangu alfajiri, wao wamelala.

Mashine ya presha amekabidhiwa mjukuu wa miaka minane. Aliambiwa bibi lazima akae dakika tano kabla ya kupimwa, miguu chini, bila kuongea. Basi akaamua chumba kizima kisiongee. Wajukuu tisa, kimya, hata wa miaka miwili ameweka kidole mdomoni ananitazama. Namba anaziandika kwenye daftari la hesabu. Krismasi 152/88. Mkesha wa mwaka mpya 138/84.

Wameondoka jana na basi la asubuhi. Daftari ameniachia, amelipigia mistari kwa rula hadi ukurasa wa mwisho, tarehe nijaze mwenyewe. Leo nimekaa dakika tano, nikapima, nikaandika: 136/82. Atapiga saa moja jioni kuuliza.