Mashine ya "gemu 620" ni ulaghai, na Donkey Kong iliyomo si Donkey Kong

Ndugu wanajukwaa, salaam aleikum.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni haja ya kuzificha. Duka moja la vifaa vya elektroniki hapa Mombasa, upande wa Barabara ya Digo, limeniuzia mashine ambayo boksi lake linajigamba kuwa na gemu 620, zikiwemo gemu asilia za kwanza za Famicom. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa. Gemu za kwanza za Famicom, ile mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo ya Japani, zinajulikana, nazo ni tatu tu: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye, zilizotoka Japani siku moja na mashine yenyewe, tarehe 15 Julai 1983.

Popeye haimo kabisa. Donkey Kong imo, tena imerudiwa kwa majina ya kubuni, na kila jina ukilifungua unakuta gemu ileile, ila hii inaanzia kwenye lifti na ile inaanzia kwenye hatua ya kung'oa misumari. Hiyo 620 inapatikana kwa njia hiyo. Kwenye ukurasa wa mwanzo, mwaka na jina la Nintendo vimefutwa, pakabaki pengo jeusi.

Kilichoniudhi zaidi ni mwendo. Gemu hizi zilitungwa kwa ajili ya runinga za Japani, ambazo huonyesha picha 60 kwa sekunde, na kila hatua anayopiga Mario, yule mtu unayemchezesha kwenye Donkey Kong, inafuata hesabu hiyo. Mashine niliyouziwa ni ya mfumo wa PAL, yaani picha 50 kwa sekunde, na aliyeitengeneza hakujisumbua kurekebisha chochote. Kwa hiyo mapipa anayorushiwa na sokwe yanabingirika kwa uvivu, mwendo umepungua kwa sehemu moja kati ya sita, na kule kuruka kwa Mario, ambako ndiko uhai wa gemu nzima, kumekuwa kama kuruka kwa mtu aliyezama majini hadi kiunoni.

Humu ndani wapo wanaodai kwamba gemu za enzi hizo zimepooza na kwamba tunaozisifu tunasifu utoto wetu. Ningependa kujua walizichezea kwenye kitu gani. Ni kweli kwamba Donkey Kong ya nyumbani ilipunguzwa tangu mwanzo: ile ya mwaka 1981, ya mashine za kutumbukiza sarafu, ilikuwa na hatua nne, na ya Famicom ikabaki na tatu baada ya kiwanda chenye mikanda kuondolewa. Hata hivyo, hizo tatu zilitengenezwa kwa mikono ya watu waliojua wanachokifanya. Donkey Kong Jr. mimi naiona bora zaidi: mtoto wa sokwe akishika kamba mbili hupanda haraka, akishika moja huteremka haraka, na mchezaji hujifunza hayo kwa vidole vyake bila kusoma neno lolote. Kwenye pedi niliyopewa kitufe cha kupandia kinakwama, kwa hiyo mtoto huyo ananing'inia tu akingoja kung'atwa.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Mzee wangu, gemu si zinawaka? Sasa wataka nini tena?" Kisha akaninyooshea kidole kwenye mstari ulio chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji, ya mwaka 2012, inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu anachokiuza, na sielewi mstari wa risiti umepata wapi nguvu ya kuifuta.

Nataka pesa zangu, na nitaendelea kwenda pale mpaka nizipate. Na ikiwa kuna mwenye kaseti halisi ya Popeye hapa mjini, ile ya Kijapani yenye pini 60, naomba aniandikie. Nitainunua, ila kwanza niione ikiwaka kwenye runinga yake.