Bolti ya Mosin-Nagant 91/30 inagoma mtutu ukipata moto: nianzie wapi?

Mgeni wa Ohio:
Wakuu, heshima kwenu. Ninamiliki kihalali, hapa Marekani, bunduki ya Kirusi ya Mosin-Nagant 91/30 iliyotengenezwa Izhevsk, Urusi, mwaka 1942, ikakarabatiwa baada ya vita, ikapakwa grisi na kuwekwa ghalani hadi ilipouzwa kama masalio ya jeshi. Risasi za mwanzo hazina shida, lakini mtutu ukishapata moto mkono wa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) hauinuki mpaka niupige kwa kiganja. Natumia risasi za ganda la chuma lililopakwa vanishi, na wenzangu kwenye uwanja wa shabaha wanasema vanishi ndiyo inayoyeyuka. Naomba ushauri kabla sijampelekea fundi.

Fundi Mstaafu:
Ndugu yangu, usiihukumu vanishi mapema. Hakikisha kwanza chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) na magazini ni tupu, kwa macho na kwa kidole, kisha fungua na ufunge bolti taratibu. Bunduki hii hujikoki mkono unapoinuliwa, kwa hiyo uzito kiasi ni halali yake, maana hapo unabana springi ya pini inayogonga risasi. Ikikwaruza hata ikiwa tupu, kasoro imo ndani ya bolti: grisi iliyokauka, au vinyweleo vya chuma vilivyoachwa na kazi ya haraka ya wakati wa vita. Ikiwa laini inapokuwa tupu na kugoma baada ya kufyatua tu, ganda ndilo linalong'ang'ania chemba. Grisi ya ghalani iliyobaki humo hulainika kwa joto na kunata, na ganda la chuma halirudi nyuma upesi kama la shaba baada ya kutanuka.

Mgeni wa Ohio:
Ahsante, mzee wangu. Ikiwa tupu inateleza vizuri kabisa. Nimepitisha kitambaa cheupe kwenye chemba, kikatoka na utando wa kahawia unaonata vidoleni, ingawa mtutu wenyewe unang'aa.

Fundi Mstaafu:
Basi umekipata. Mtutu husafishwa na kila mtu. Chemba husahaulika kwa sababu ni pana kuliko brashi ya mtutu. Tafuta brashi ya shaba inayoijaza, iloweshe kwa kiyeyusho cha rangi, izungushe, ufute, na urudie mpaka kitambaa kitoke safi. Kausha kabisa kabla ya kufyatua tena.

Mlenga Shabaha:
Naongeza mawili. Ukiifungua bolti kuisafisha, ukiirudisha pima urefu wa pini kwa kile kifaa cha asili chenye mapengo ya alama 75 na 95 (elfu za inchi): ncha iguse pengo la 75 na isiguse la 95, kwa sababu pini ndefu mno inaweza kutoboa fataki, yaani kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti. Pili, risasi nyingi za zamani za jeshi huacha chumvi inayovuta unyevu, kwa hiyo suuza mtutu, chemba na uso wa bolti kwa maji ya moto, kausha, kisha paka mafuta.

Chemba safi ikiendelea kugoma, au ukiona fataki zimebapa, acha kufyatua. Namba za bolti na mtutu kufanana si uthibitisho kwamba vilitoka pamoja, kwani wakati wa ukarabati bolti nyingine zilipigwa namba upya. Hapo fundi aipime nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda kwa geji zake.

Mgeni wa Ohio:
Nimeelewa. Naagiza brashi leo, na nitajaribu pia risasi za ganda la shaba ili nilinganishe.