Mrejesho: Kutafuta jeni za sumu katika sianobakteria wa Ghuba ya Mwanza

Ndugu zangu, hivi karibuni niliuliza namna ya kujua kama ule utando wa kijani unaojikusanya ufukweni Kirumba una sumu, kwa kuwa hadubini ilinionyesha makundi ya Microcystis, aina ya sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea), lakini haikuweza kunieleza zaidi ya hapo. Mlinishauri nitafute jeni ya mcyE, mojawapo ya zinazohusika kutengeneza sumu iitwayo mikrosistini, kwa njia ya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane), nami nawashukuru kwa dhati.

Nilichuja maji, nikagandisha vichujio, kisha nikatoa DNA. Mwanzoni PCR haikuonyesha chochote, hata kwa sampuli iliyokuwa nzito kama uji, mpaka nilipozimua DNA mara 10, kwa sababu uchafu unaotoka pamoja nayo huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA kufanya kazi. Ndipo mstari wa mcyE ulipojitokeza wazi kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA.

Hata hivyo, jeni hiyo inathibitisha uwezo wa kutengeneza mikrosistini tu, si kiasi kilichomo majini, na wapo Microcystis wasio nayo kabisa wanaoishi bega kwa bega na wenye nayo. Kwa hiyo sampuli hizohizo nitazipima pia kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili kujua kiasi cha sumu), nikilinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR kwa lita ya maji ya kunywa. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wanaochota ziwani moja kwa moja, kwani kuchemsha maji hakuiondoi sumu hii, ambayo hushambulia ini.