Wademokrati wa Maine, mamilioni yote yale ya 2020 na Collins bado yupo!

Wakuu, niko huku Portland, jimbo la Maine, Marekani, na leo acheni niseme maana yamenifika shingoni. Meseji za kuchangisha zimeanza tena, eti 2026 Susan Collins, seneta wetu wa Republican, lazima ang'oke. Mlishindwaje 2020?

Sara Gideon, mgombea wenu dhidi ya Collins na Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo wakati ule, alikusanya zaidi ya dola milioni 70. Jimbo lenyewe halifikishi hata watu milioni moja na nusu! Uchaguzi ukaisha, akaunti ya kampeni ikabaki na karibu milioni 15. Umepigwa asilimia 51 kwa 42 na chenji unayo. Baadaye nyingine akazigawa kwa chama na mashirika ya hisani, sawa, ila watu walichanga ili Collins aende nyumbani.

Na zilizotumika? Runinga. Taarifa ya habari ikikatika kidogo tu: Gideon, Collins, Gideon, hali ya hewa, Gideon tena. Sanduku la barua limefura makaratasi ya kung'aa, Kavanaugh, Kavanaugh, Kavanaugh. Jamani, kwamba 2018 Collins alimpigia Kavanaugh kura ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu nani alikuwa hajui? Kura za maoni zikawavimbisha kichwa. Mkategemea ule utaratibu wetu wa kupanga wagombea kwa namba, kwamba Collins asipofika nusu, chaguo la pili la waliopigia wagombea wadogo litammaliza. Mama akavuka nusu raundi ya kwanza, hesabu ikaishia hapo. Na siku hiyohiyo Biden alimwacha Trump hapa kwa pointi 9! Maelfu walimtia alama Biden, wakashuka chini wakamtia Collins. Hao ndio wa kuwafuata mezani kwao, siyo sisi wa Portland ambao kura zetu mnazo.

Kinachoniuma zaidi: 1996 huyu mama aliahidi kukaa Seneti vipindi viwili tu. Viwili! Kwangu hiyo ndiyo ingekuwa kampeni nzima. Badala yake yeye ndiye akawashambulia mdahaloni: eti mimi nimekulia Caribou, kule kaskazini kabisa, mwenzangu Gideon yuko Maine miaka kama 15 tu, tena anakaa Freeport, hapa karibu na Portland. Damu ilinichemka. Miaka 15 haitoshi? Sisi tuliotoka Bukavu na Bujumbura tuhesabiwe lini?

Mtu wa chama akipita hapa anijibu: safari hii nani anakwenda Caribou, na anakwenda na nini mbali na tangazo? Mpaka hapo dola yangu hamuioni.